Toleo la Nne la Projest

Tangu mwenzake Kokuberwa atangaze kwenye jumuiya yao ya sala kwamba programu ya simu ya mwanawe Projest imefika toleo la nne, Paskazia hakuwa na raha. Binti yake Hellen naye alikuwa ametengeneza mchezo wa simu, wa kuanika dagaa na kufukuza ndege, lakini kila akiurekebisha aliupa namba ndogo tu. Sasa ulikuwa moja nukta nne.

“Urushe darasa,” Paskazia alimwambia. “Andika tano.”

“Mama, namba kubwa inabadilika nikiujenga mchezo upya. Hapa nimeziba matobo tu.”

Jumuiya iliyofuata ilifanyika nyumbani kwa Kokuberwa, mtaa wa Mabatini. Sala ilipokwisha, wivu ukamshinda Paskazia. “Mchezo wa Hellen umefika toleo la tano,” akasema.

Kokuberwa akatoa simu yake, akaufungua mchezo huohuo. Kwenye kioo, mchanga wake ulijaa dagaa wakavu, na chini kabisa paliandikwa 1.4.

“Tano iko wapi, mama Hellen? Mimi nacheza kila siku maharage yakiwa jikoni. Na mwambie asiruke namba. Hiyo nne ya Projest ilifuta kila kitu changu, nikaiacha.”

Wanawake wakacheka. Paskazia naye akacheka, uso umemwiva. Njia nzima ya kurudi Igogo alikuwa akiwaza wale dagaa. Yeye, mama wa mwenye mchezo, hakuwahi kuanika hata mmoja.

“Hellen,” akaita kabla hajavua viatu, “nionyeshe hao ndege wanafukuzwaje.”