Dobi wa Mawe

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mepesi kuanzia saa tatu, jua hafifu baada ya adhuhuri. Siku hiyo yalifika majibu ya maabara ya shimo la kumi na moja, na kabla ya saa sita banda zima lilikuwa limejua: molibdeni, madini tunayoyategemea, imepungua tena.

Banda lenyewe ni la mabati, refu, limefunguka upande mmoja. Wachorongaji wanatoboa kilima kwa mashine, na mashine inatoa mwamba kwa umbo la mchi, mnene kama kifundo cha mkono. Sisi tunauita mchi hivyo hivyo. Unaletwa bandani kwenye trei za mbao ukiwa umejaa tope. Unaoshwa, unapigwa picha, unapasuliwa katikati kwa msumeno, nusu moja inakwenda maabara na nusu inabaki kwenye trei. Kazi yangu ni kuandika namba. Kazi ya kuosha ilikuwa ya mtu tunayemwita Dobi.

Jina hilo hakulipata kwa utani. Kwa miaka ishirini na miwili alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, mpaka mwenye nyumba alipoiuza naye akabaki na pasi yake. Alikuja kuomba kazi kwetu akiwa na miaka hamsini na moja, amevaa shati jeupe lililonyooka. Alipoulizwa anajua nini kuhusu mawe, alijibu, "Sijui kitu. Lakini kikinipitia mikononi kinatoka safi." Akapewa beseni, brashi na bomba la maji.

Hakudanganya. Wengine waliomtangulia walikuwa wanamwagia mchi maji na kupitisha brashi juu juu. Dobi alitia sabuni ya unga. Alichukua kila kipande peke yake, akakisugua mgongo, akakigeuza, kisha akasugua zile sura mbili za mwisho pale kilipovunjika, ambako hakuna mtu aliyewahi kupagusa. Picha zetu zikaanza kusifiwa huko makao makuu. Mjiolojia, binti wa miaka thelathini na kitu mwenye kucheka kwa sauti, alikuwa akiwaambia wageni, "Njooni mwone mawe safi kama sahani." Mwezi huo barua ya kumfanya Dobi msimamizi wa banda ilikuwa ofisini, ikisubiri kutiwa saini Jumatatu. Alikwisha mwambia mkewe. Mkewe alikwisha waambia wengine.

Kilima kina shaba, hilo halina ubishi. Mawe ya juu yana ukungu wa kijani unaoonekana ukiwa barabarani. Mjiolojia alitueleza siku moja wakati wa chai. Alituinulia kikombe chake cha udongo, kikuukuu, kilichojaa vinyufa vilivyoingia rangi ya chai. "Mwamba wa moto ulipanda kutoka chini," alisema, "ukakwama kabla ya kufika juu. Ulipopoa ukapasuka kama kikombe hiki. Maji ya moto yakapita kwenye nyufa, na yalipoondoka yakaacha kile yalichokuwa yamebeba: shaba huku, molibdeni kule." Shida ni kwamba shaba yetu ni nyembamba, kilo tatu kwa tani. Peke yake haiwezi kubeba gharama ya kuchimba kilima kizima. Kinachoweza kuivusha ni molibdeni, madini ya kijivu yanayotiwa kwenye chuma ili kisilegee kwenye joto kali. Ikifika gramu mia tatu kwa tani, mgodi upo. Ikiwa nusu ya hapo, mashine inakunjwa na sisi sote tunarudi tulikotoka.

Mjiolojia alikuwa akiutazama mchi kule kule mashineni, ukitoka ardhini, na kukadiria kwa macho. Macho yake yalimwambia mia tatu. Maabara ikamjibu mia na sitini. Mashimo kumi na moja, mchezo ule ule. Alishawapima maabara kwa kuwachomekea sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana, nao wakapatia zote. Basi kosa lilikuwa kwetu, na wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja Ijumaa kuamua kama kazi iendelee.

Lawama ikamwangukia mpasuaji, kijana wa msumeno, mdogo wake mke wa Dobi. Ilikuwa rahisi kumwangukia. Mwaka uliopita aliwahi kukamatwa akigeuza vipande ili nusu nzuri ibaki kwenye trei kwa ajili ya wageni, na nusu mbaya iende maabara. Alionywa, akaacha. Sasa hakuna aliyeamini kwamba aliacha. Kuzipima zile nusu zilizobaki ili ukweli ujulikane kungechukua wiki sita.

"Ijumaa asubuhi utakabidhi miwani na buti," mjiolojia alimwambia Jumanne ile, mbele yetu. Hakucheka. "Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia."

"Sikugeuza, bosi."

"Mara ya kwanza pia ulisema hukugeuza."

Mpasuaji alizima msumeno. Alipompita Dobi kwenye beseni alisema, "Shemeji, ukishakuwa mkubwa wa banda unitafutie hata kazi ya kufagia."

"Acha maneno hayo," Dobi alimjibu, na akaendelea kusugua.

Jumatano Dobi alifika nyumbani kama saa kumi na moja. Yafuatayo nilisimuliwa na mkewe, ambaye hapunguzi wala hafichi. Mke alikuwa uani na beseni la nguo. Dobi aliyefua nguo za watu miaka ishirini na miwili hajagusa nguo yake hata moja tangu aache udobi. Anasema amemaliza zamu.

"Baba, njoo uone," mkewe alimwita. "Hii aproni yako inanitia aibu. Nimeifua mara tatu."

"Tope hilo."

"Tope nalijua mimi. Tope linazama. Hili linaelea."

Akainama kuona. Juu ya povu kulikuwa na utando wa kijivu unaong'aa, kama mtu amechonga penseli kwa saa nzima na kumwaga unga wake ndani ya beseni. Akaupitisha kidole. Uliteleza kama mafuta. Akakipitisha kidole kile kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kikaacha mstari mweusi.

"Sasa unanichafulia na ukuta," mkewe alisema. Kisha, kwa sauti nyingine: "Mdogo wangu alipita hapa mchana. Anasema Ijumaa anarudisha vifaa. Wewe uko naye pale kila siku. Niambie ukweli, anafanya hivyo wanavyosema?"

Dobi alikuwa bado anautazama mstari. Mkewe anasema alidhani mumewe hakumsikia, akauliza tena, naye akajibu, "Nitajua kesho."

Alhamisi nilifika bandani saa moja kasoro robo nikamkuta ameshafika. Hakuwa ameanza kuosha. Alikuwa ameketi juu ya trei tupu, mbele yake vipande vitano vya shimo la kumi na mbili vilivyoletwa jana yake jioni, na fomu zangu za zamani alizozigeuza upande mweupe.

"Karani, kaa hapa," aliniambia. "Nataka mtu wa kuona."

Alichukua kipande chenye tope, akalifuta kidogo kwa kidole, akaisugua kwenye karatasi ile sura ya mwisho, pale mchi ulipovunjika. Mstari mnene, wa kijivu kilichoiva. Halafu akakiosha kipande kile kile kama alivyozoea: maji, sabuni, brashi, mgongo, sura ya kwanza, sura ya pili. Akakikausha na kitambaa. Akakisugua tena kwenye karatasi. Kilibaki kivuli tu. Alifanya hivyo kwa vipande vyote vitano, na kila mara aliandika pembeni "kabla" na "baada" kwa mwandiko wake mkubwa.

"Umeona unavyovunjika?" aliuliza. "Mchi hauvunjiki popote tu. Unavunjika pale palipo laini. Na palipo laini ndipo hii kitu inapolala. Kila nilipoona sura imevunjika mimi nikaona uchafu, nikaukazania hapo hapo."

Akainuka, akavua kifuniko cha shimo la nyuma, ambako maji ya kuoshea hutuama kabla ya kwenda mtaroni. Akachota kwa kopo. Tope la chini lilikuwa la samawati iliyofifia, na alipolitikisa kwenye mwanga likamemeta.

"Mashimo kumi na moja haya," alisema.

Tulisimama hapo. Wengine wote walikuwa bado nyumbani wanatafuta viatu. Akasema taratibu, si kwangu hasa, "Kulisafisha shimo hili ni kazi yangu. Nikifungulia maji sasa hivi, saa mbili ikifika halina kitu. Hakuna atakayeniuliza kwa nini nimesafisha." Alilikalia wazo hilo kwa muda, niliona, maana aliweka kopo chini na kutazama bomba. Kisha akakirudisha kile kifuniko, akakunja karatasi zake tano, akaziweka kwenye mfuko wa shati na kwenda kukaa kwenye ngazi za ofisi.

Mjiolojia alifika saa mbili na dakika kumi, mpasuaji nyuma yake akiwa na miwani yake mkononi, kama mtu anayejizoeza kuirudisha.

"Shikamoo, mzee. Mbona umekaa huku?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana hana kosa. Mimi ndiye ninayekuibia molibdeni."

Mjiolojia alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Dobi akamkunjulia karatasi moja moja magotini. Akamweleza sabuni, brashi, sura za mwisho, aproni, beseni la mkewe. Hakuacha kitu. Mjiolojia alizitazama zile karatasi, akaenda nyuma, akavua kifuniko mwenyewe na kuingiza mkono hadi kiwikoni. Alipoutoa ulikuwa unang'aa kama samaki.

Mpasuaji ndiye aliyesema kwanza. "Shemeji! Kumbe sisi tunahangaika kutafuta mgodi, wewe umeshaufungua peke yako, tena kwenye shimo la maji machafu!"

Dobi alitabasamu kidogo, kwa aibu. Halafu akamuuliza mjiolojia jambo ambalo nadhani lilikuwa limemsumbua tangu alfajiri. "Tope hili likipimwa, haliwezi kurudishwa? Likaongezwa kwenye hesabu?"

"Haliwezi, baba." Alikuwa hajawahi kumwita baba. "Tope litaniambia kwamba molibdeni ipo. Halitaniambia imetoka mita ya arobaini au ya mia tatu, shimo la pili au la tisa. Na mgodi unapangwa kwa kujua mahali. Ulichokiosha hapa hakina tena anwani."

"Kwa hiyo nimeua mashimo kumi na moja."

"Shaba yake ni nzima. Molibdeni, ndiyo, siwezi kuiamini tena." Alinawa mkono polepole. "Na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na ule msemo wangu wa sahani mdomoni. Kila picha ilipokuwa safi nilifurahi. Sikuuliza usafi unakwenda wapi."

Wakaingia ofisini wote wawili. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa ubao, na ubao ule ni mwembamba. Mpasuaji atabaki kwenye msumeno. Kesho wakubwa wataambiwa yote kama yalivyo, na mjiolojia ataomba mashimo matatu yachorongwe upya kando ya yale ya zamani, ili tofauti ipimwe. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, hakumwahidi kitu.

"Na barua ya usimamizi," alisema, "siwezi kuitia saini."

"Usiitie."

"Kuosha pia uache, mpaka niandike utaratibu mpya. Utakwenda mashineni, ukapokee mchi pale pale unapotoka."

"Nikaupokee niufanyeje?"

"Usiufanye kitu. Uuache ulivyo."

Nikamsikia Dobi akisema, "Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ulizonipa tangu nije hapa," na mjiolojia akacheka kile kicheko chake, kifupi safari hii.

Mchana huo Dobi alimwonyesha mpasuaji namna ya kumwagia mchi maji kwa kopo, kwa juu, bila kugusa sura zilizovunjika. Mpasuaji alijifanya haelewi ili aonyeshwe mara tatu. Saa kumi na nusu Dobi aliondoka kwa miguu, akisema anataka kumwambia mkewe habari ya barua kabla hajaisikia sokoni.

Ijumaa, tarehe 17 Mei. Hakuna wingu, baridi ya asubuhi, upepo kidogo kutoka kilimani. Dobi alipanda lori la wachorongaji saa kumi na mbili na nusu, akiwa na shati lililopigwa pasi. Wakubwa walipokuwa wakiingia ofisini yeye alikuwa ameshapokea mita tatu za kwanza za shimo la kumi na mbili zilizotoka siku hiyo. Alizipanga kwenye trei kwa mpangilio wake, juu kushoto, chini kulia, akaandika kina kwenye kibao cha mbao na kukichomeka mwisho wa safu. Tope lilikuwa likichuruzika kwenye vidole vyake. Akaifunika trei kwa turubai, akaifunga kamba, na kuibeba hadi kwenye lori hivyo hivyo, na uchafu wake wote.