Kubisha Hodi Bila Wifi

Kwa miaka kumi na mmoja mawifi wawili walideki korido za hospitali moja. Mkubwa, dada wa mume wa yule mdogo, wenzake walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Mdogo walimwita Taratibu. Huyu alipangusa vitanda mpaka kwenye magurudumu, na wagonjwa hawakujua kama yumo wodini hadi aseme samahani.

Hospitali ilipoikabidhi kampuni nyingine kazi ya usafi, wote wawili walirudisha funguo za stoo asubuhi moja. Taratibu alianza kulia getini.

"Wifi, futa machozi," Redio akamwambia. "Wewe una mikono, mimi nina mdomo. Tufungue yetu."

Wakafungua. Walikuwa na ndoo tatu, madekio mawili, brashi na dumu la sabuni, vyote vimepangwa kwenye kibaraza cha Taratibu. Redio akachapisha kadi zenye namba yake ya simu, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaingia mjini kutafuta wateja. Taratibu alimfuata hatua moja nyuma na ndoo mkononi, maana Redio alishikilia kwamba mteja haamini mpaka aione ndoo.

"Hapa hakuna kazi," mlinzi wa jengo moja aliwaambia.

"Kazi ipo, kaka, umeikanyaga. Hebu nyanyua kiatu uone hilo vumbi."

Mlinzi akacheka, wakapita. Ndivyo walivyopata kliniki ya meno, na wiki iliyofuata wakapata ngazi za jengo la ghorofa nne, mali ya mwalimu mstaafu. Wakili mmoja naye alimwambia Redio arudi Jumatatu waelewane.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo walikuwa kwenye ngazi za mwalimu. Redio akaketi ghafla.

"Wifi, leo hizi ngazi zimezaa. Mbona zimekuwa nyingi?"

Taratibu alidhani ni utani wake wa kila siku. "Pumzika, nitamalizia."

Akamalizia kama alivyozoea, ngazi kwa ngazi, na kila kona akaisugua kwa brashi ndogo. Aliposhuka alimkuta wifi yake ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Ilikuwa presha. Wapangaji walisaidia kumbeba hadi kwenye gari. Alilazwa katika hospitali ileile waliyoideki, na siku tatu nzima hakusema neno hata moja, yeye Redio. Jumapili alfajiri akafariki.

Baada ya mazishi Taratibu alimwendea mwalimu mstaafu, akamwambia atafute mtu mwingine wa ngazi.

"Kwani sikuwatendea vizuri, mama?"

"Ulitutendea vizuri, mwalimu. Miguu ndiyo inayokataa."

Kliniki ya meno nayo ilikuwa imeshapata mtu wakati wa msiba. Mume wa Taratibu, fundi cherehani, aliendelea kushona, lakini hakutamka jina la dada yake. Watu walipokuja kutoa pole aliinamia kitambaa, akaitikia kwa kichwa. Wiki ya tatu, Taratibu alichukua ndoo, kadi na simu ya marehemu, akaenda kwa wakili.

Pale mapokezi maneno yalimkauka. "Tulikuja... nimekuja. Kwa ajili ya usafi."

"Umetoka kampuni gani?" karani akauliza.

Akatoa kadi. Karani akapiga namba iliyoandikwa, na simu ikalia ndani ya mkoba wa Taratibu mwenyewe.

"Sasa huyu wa kwenye kadi ni nani?"

"Ni wifi yangu. Amefariki."

Karani akaishusha simu taratibu. "Pole sana, dada. Lakini bosi alimtaka yule mama mwenyewe. Alimchekesha sana siku ile."

Siku hiyo alibisha hodi kwenye milango tisa bila mafanikio. Wa kwanza walimwambia aache barua, wengine aache namba, na mmoja alimwambia aongeze sauti, kisha akamfungia mlango kabla hajaiongeza. Alijaribu kusema kama Redio, yale ya kiatu na vumbi, kwa mlinzi wa duka la vitambaa. Mlinzi alikunja uso kama aliyetukanwa.

Mlango wa kumi ulikuwa wa chuo cha udereva: chumba chenye viti vya plastiki na ukuta uliochorwa alama za barabarani. Meneja, mama wa makamo, alikuwa anakula chapati. Harufu ya choo ilifika hadi mezani kwake, na mwenyewe alikuwa amesogeza kiti karibu na dirisha.

Taratibu hakuwa na hotuba. "Mama, nikabidhi choo chako kwa nusu saa. Usiporidhika, nitaondoka na ndoo yangu."

Meneja aliona aibu, akaonyesha mlango kwa kidevu.

Humo ndani hakuhitaji maneno. Alimwaga dawa, akaiacha ing'ate uchafu, akasugua sinki, kuta, nyuma ya bomba, na hata kitasa. Alilia kidogo pia, kwa sababu hapakuwa na wa kumwita wifi. Alipotoka, meneja aliingia, akakaa humo kitambo.

"Miaka mitano niko hapa," akasema alipotoka. "Sikujua vile vigae ni vyeupe. Njoo kesho."

Jioni alimkuta mumewe bado yuko kwenye cherehani.

"Nimepata mmoja," akamwambia.

Mume akaacha kukanyaga pedali. "Siku nzima, mmoja?" Kisha midomo ikamcheza. "Dada angepata watatu, na chakula cha mchana juu yake."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko Taratibu akashindwa kujizuia. "Nilimwacha pale ngazini. Aliniambia ngazi zimekuwa nyingi, mimi nikaenda kusugua kona. Kona, baba! Ningeshuka mapema..."

Mumewe alizungusha kibobini cha uzi kidoleni.

"Asubuhi ile alipitia hapa," akasema. "Aliniambia kichwa kinampasuka. Nilikuwa na sare za watu za kumaliza. Hata sikuinua uso. Nikamwambia, kunywa maji, dada."

Akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kichwa juu ya sare ambayo haijashonwa mikono. Taratibu alivuta kigoda akaketi kando yake. Hakumwambia si kosa lake, wala yeye hakuambiwa hivyo.

Mwaka huo alipata wateja wengine wanne, wote kupitia yule mama wa chuo cha udereva, anayemsifia kwa kila mtu. Taratibu mwenyewe bado anaichukia kazi ya kubisha hodi.