Nimelala Katikati ya Maombi

Leo nimelala katikati ya maombi. Musicheke kwanza.

Bwana yangu ni mgonjwa, hainuki kitandani. Kumugeuza ni mimi, mchana na usiku. Kwa Mungu maneno yaliniishia.

Leo bamama ba kanisa yetu ya Mururu bakakuja kutuombea. Munabajua. Bakiombaka, hata mbuzi za jirani zinalia.

Nikapiga magoti, nikafunga macho. Basi.

Kuamuka, nimefunikwa kitenge. Sahani zimeoshwa. Bwana yangu amegeuzwa. Bamama bote bamekaa chini, kimya.

Nikaona haya. Nikauliza, "Mulimaliza?"

Maman Furaha, mukubwa wao, akanijibu polepole: "Tuliomba kwa sauti ya chini, usiamuke. Amina tu ndiyo hatujasema. Tulikuwa tunakungojea."