Binti Niliyemwacha Nje ya Faili

Naikumbuka Jumanne ile, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoolewa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimekaa kitandani hapa hapa Iguhu, karatasi zimetapakaa mbele yangu kama nguo za mitumba siku ya soko. Mume wangu, Ambani, alikuwa muuguzi Marekani, huu ukiwa mwaka wake wa nne. Alikuwa ameshaniombea kibali cha kuishi kule kama mke wake, hiyo kadi ya kijani ambayo nyinyi vijana mnaitaja kila siku. Nilikuwa nimebakiza jambo moja tu, kwenda ubalozini Nairobi siku ya Alhamisi kuhojiwa.

Aliyenipangia karatasi ni senje Rasoa, dada wa baba yangu. Senje alikuwa karani kwa chifu kwa miaka mingi, na karatasi alizijua kama mama zenu wanavyojua mboga. Akaweka cheti cha ndoa, cheti changu cha kuzaliwa, cheti cha polisi cha tabia njema, barua za Ambani, na picha za siku ng'ombe wa mahari walipoletwa kwetu, wazee wamevaa makoti na viatu vya matope. Mwisho akaweka kadi ya kliniki na kibali cha mazishi.

Hivyo viwili vilikuwa vya Imali, binti yetu. Alizaliwa mwaka mmoja kabla Ambani hajasafiri, akaishi miezi mitano, homa ikamchukua kwa siku mbili. Ambani ndiye aliyembeba mpaka kaburini, nyuma ya migomba. Tangu hapo katika boma lile hakuna aliyelitaja jina lake, maana kwa akina Ambani mtoto mchanga akizikwa, watu hunyamaza, hasa kukiwa na safari mbele. Ambani peke yake ndiye hakunyamaza. Kila barua aliyoniandikia ilianza, "Mama Imali."

"Hizi mbili usiziache," senje aliniambia. "Watu wanaweza kununua picha, wanaweza kuandikiana barua. Lakini mtoto mliyezaa na kuzika pamoja, hakuna mtu ataamka asubuhi atunge hiyo."

Alipoondoka, mama mkwe aliingia. Alikiona kibali cha mazishi juu ya kitanda akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo unabebanga ya nini?" akauliza. "Unaenda kutafuta maisha, unabeba kaburi kwa mfuko? Unataka safari iharibike?"

Mwanangu, ningeweza kumsingizia yule mama, na kwa miaka mingi nilimsingizia. Lakini mimi sasa ni mzee na sina tena wa kumdanganya. Sikumtii kwa sababu ya heshima. Nilimtii kwa sababu nilitaka kufika kule nikiwa mpya, mke wa picha nzuri, asiye na msiba unaomfuata. Nilizitoa zile karatasi mbili, na barua zenye jina la mtoto na picha za ng'ombe pia nikazitoa, nikazifungia sandukuni. Badala yake nikaweka picha moja tuliyopiga studio mjini Kakamega, nyuma yetu pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hata hatukuwahi kuyaona. Nikajiona mjanja kweli!

Alhamisi nilisimama mbele ya dirisha la kioo. Aliyenihoji alikuwa kijana mpole, Kiswahili chake cha darasani lakini safi. Aliniuliza tulivyokutana, nikajibu. Akaniuliza kazi ya mume wangu, nikajibu vizuri. Kisha akauliza, "Mmejaliwa watoto?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja," nikasema, na hata nilitabasamu.

Akafunua karatasi. "Mume wako ameandika hapa kwamba mlikuwa na binti. Anaitwa Imali."

Nilianza kueleza mambo ya mama mkwe, ya safari, ya desturi, nikichanganya maneno, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Aliniuliza kama nina karatasi yoyote ya huyo mtoto. Zilikuwa Iguhu, ndani ya sanduku. Akanipa barua kwamba ombi letu limewekwa kando, nilete ushahidi zaidi, na mume wangu naye ataandikiwa aeleze. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Niliporudi, senje alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Uliona aibu ya nini? Ya kuzaa au ya kuzika?"

Ambani alipiga simu wiki tatu baadaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Wameniuliza kama nilimtunga mtoto," akasema. "Mimi nilijaza jina lake kwa mkono wangu. Wewe ulimkana?"

"Ni mama yako alisema nisi..."

"Mama hakuwa hapo dirishani."

Simu ikakatika. Nilipeleka zile karatasi ubalozini, nikiwa nimechelewa lakini nikiwa na matumaini, na huko walikuwa tayari kunisikiliza tena. Ambani ndiye aliyeliondoa ombi. Baadaye alioa kule, na naambiwa ana watoto watatu. Alikuja mara moja kumzika mama yake, akaenda nyuma ya migomba akasimama huko muda mrefu. Aliporudi alinisalimia kwa jina langu la shule, kama mtu anavyosalimia jirani. Iliniuma, mwanangu, na bado inaniuma.

Sasa wewe umekuja na faili yako unataka nikwambie kama imejaa. Mimi nakuuliza umeacha nini nje. Mwombe mwenzako nakala ya kila fomu aliyojaza, usome mstari kwa mstari, hata anwani za zamani. Jina lako likitofautiana kwenye kitambulisho na pasipoti, kula kiapo kwa wakili mapema, usingoje kuulizwa. Picha za ng'ombe na matope zibebe kwa furaha, hizo ndizo harusi yako. Kama kulikuwa na mke wa kwanza, sema. Kama mliwahi kuachana mkarudiana, sema. Kama mlizika, beba karatasi ya mazishi na umtaje mtoto kwa jina. Na usikubali mama mkwe, wala wajuaji wa saiba wanaowajazia watu fomu kwa kompyuta pale mjini, wala hata mimi, tukuchagulie la kuficha, kwa sababu siku hiyo utajibu peke yako, na jibu lako litamfikia mtu unayempenda.

Nenda salama. Mungu akufikishe kwa mwenzako, mle sahani moja bila hofu ya swali lolote. Watoto atakaokupa Mungu wakue, wazeeke, wakuzike wewe. Na akimchukua mmoja mapema, akupe ujasiri wa kumtaja mbele ya mtu yeyote, ule ambao mimi sikuwa nao.