Maji Yaliyochoka ya Burungu

Harufu ya muhogo ulioloweshwa ilikuwa kali kiasi cha kukukunjisha pua, na kwetu Burungu, miaka ile ya hamsini, ndiyo iliyokujulisha kwamba umekaribia kijito. Mama alinikataza kuuweka muhogo pale maji yalipoangukia miambani, maana yangeukokota mpaka kwa majirani. Tuliteremka kidogo hadi kwenye kidimbwi, akatia mkono, akasubiri. "Hapa maji imechoka," alisema. "Tia muhogo." Wanawake wote wa kwetu walisema hivyo, wala hakuna aliyeliona neno hilo kuwa la ajabu.

Kwenye shule ya misheni mwalimu alitufundisha kwamba nguvu haipotei. Akauliza: maji yakishaanguka mwambani, nguvu za mwendo wake huenda wapi? Alitaka tujibu kwamba yanaendelea nazo zote. Mimi niliandika kwenye kibao changu: Maji imechoka. Darasa zima lilishika mbavu kwa kicheko.

"Weye mutoto, maji iko na miguu ya kuchoka? Futa!"

"Mwalimu, tuende ku kijito, utie mukono."

"Futa, ao jina yako inatoka ku liste."

Orodha hiyo ilikuwa ya watakaoendelea na darasa la sita, na msichana nilikuwa peke yangu. Nililia, nakiri, lakini sikufuta. Jumamosi majina yalisomwa, langu halikuwamo.

Mwaka mzima nilikaa nyumbani nikilowesha muhogo kwa hasira, macho yangu majini. Mzunguko mkubwa wa maji ulivunjika ukazaa midogo, na hiyo ikazaa midogo zaidi, hadi jicho likashindwa kuifuata. Nguvu zilikuwa zinaishia humo, nami nilitaka kujua zinaishaje. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mwingine, akanipokea.

Jibu nililikuta ukubwani, katika milinganyo ya mwendo wa maji. Wanahesabu hufikiria maji yasiyo na msuguano wowote, na kitabu kinasema nishati yake, yaani zile nguvu za mwendo, haipungui kamwe. Ni kweli, mradi mwendo uwe laini. Ukivurugika vya kutosha, hesabu yenyewe inakubali nishati ipotee, hata bila msuguano. Nilipofika ukurasa ule nilicheka peke yangu, tena kwa sauti. Mama hakuwahi kushika daftari, lakini alikuwa sahihi kuliko wote waliomcheka binti yake.

Sasa nimezeeka, na madarasa ya kwetu Masisi yana wasichana wengi, jambo linalonifurahisha mno. Lakini juzi mjukuu wangu alinionyesha jibu aliloliandika bila kuliamini.

"Koko, hii njo jibu yenye mwalimu anapenda. Nikibisha, nitapoteza mwaka."

Nilimrudishia kalamu yake.

"Poteza," nikamwambia. "Miye nilipoteza."