Glasi ya Divai na Ng'ombe wa Tano

Ng'ombe mmoja, safari mbili za Murusagamba kwao mama yako, madumu manne ya pombe ya ndizi, na shilingi elfu arobaini na sita za wakati ule, ambazo zilikuwa shilingi kweli. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, jibu ni lilelile. Hiyo ndiyo bei ya glasi moja ya divai ambayo hakuna aliyeinywa. Kwa hiyo jana uliponiandikia kwamba unataka kumpeleka baba wa mchumba wako kwenye mgahawa wa Kitaliano huko Mwanza, "tumpe mzee heshima ya mjini," nilitafuta kiti. Tafuta na wewe.

Siku yangu mimi naikumbuka hadi rangi ya vitambaa vya meza. Nilikuwa kijana, nanunua maharage Mugoma na kuyauza Mwanza, na nilidhani naujua mji kwa sababu nazijua bei zake. Mama yako nilikuwa nimeshamposa. Mahari tulikwisha kupatana ng'ombe wanne, kutoka saba, na usiniulize ilichukua vikao vingapi. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Bukuru, kutaja siku ya harusi. Basi akaja Mwanza kutibiwa macho, nami nikajiambia: nitamlisha mahali ambapo mkwe mwingine hajawahi kulishwa, na siku itatajwa kabla sahani hazijaondolewa.

Tukaingia mgahawa wa Wataliano. Mzee kavaa koti lake la kanisani. Nikafungua menyu, nikaona bei ya tambi. Tambi, mwanangu! Nikamwita mhudumu.

"Hizi sahani mbili, bei ya mwisho?"

"Bosi, hapa bei ni hiyo iliyoandikwa."

"Hata sokoni kwetu wanaandika. Halafu tunaongea."

Yule kijana alitabasamu, wala hakushuka hata mia. Mzee Bukuru alikuwa ananitazama kwa jicho moja, lile lisilofungwa bandeji, nami nikaona nimejishusha. Nikaagiza chupa ya divai ili nijipandishe.

Mhudumu akaifungua, akamimina kidogo sana kwenye glasi yangu, akasimama. Funda moja tu! Nikajua napunjwa. Lakini kwa kuwa nilitaka kuonyesha adabu mbele ya mkwe, nikaisukuma ile glasi kwa mzee.

"Mpe mzee kwanza."

"Bosi, kwa kawaida mwenyeji ndiye anayeonja kwanza."

"Kawaida ya nani? Anayelipa ni mimi. Mjazie mzee!"

Akamjazia. Mzee Bukuru akaitazama glasi, akaisogeza taratibu hadi katikati ya meza, akafunga mikono. Tambi zikaja, hakuzigusa. Nilizungumza habari za maharage, za barabara, za macho yake. Nikala sahani yangu, kisha nikala na yake, kwa sababu zote mbili zilikuwa zinalipiwa.

Ndipo akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Baba, si unamjua mzee wangu?"

"Namjua. Miaka thelathini tunakunywa pamoja. Hajawahi kunipa kibuyu kabla hajavuta yeye mrija, mbele ya macho yangu, nione kwamba kilichomo ni kinywaji na si kitu kingine. Huyu mtoto wa watu, mwenye tai shingoni, amekukumbusha mila ya kwenu, ukamfokea. Mimi ndiye nikuonjee sumu?"

Nikafungua mdomo. Akainua kiganja.

"Binti yangu atakaa kwangu. Nirudishe kwa wenyeji wangu."

Mwanangu, hasira niliyokuwa nayo! Kwa Wataliano, kwa mzee, kwa tambi. Ilinichukua wiki nzima kujikasirikia mimi. Watu wa ng'ambo wanaijua mila ya Murusagamba, na mimi niliyezaliwa huku nikaiona ni kupunjwa!

Safari ya kwanza Murusagamba nilifukuzwa uani. Ya pili nilikwenda na baba yangu na yale madumu. Nikavuta mrija kwanza, watu wote wakitazama. Mzee Bukuru akanitazama, sasa kwa macho mawili.

"Vuta tena."

Nikavuta tena. Akanywa. Halafu akasema ng'ombe ni watano. Sikubishana. Ni mara yangu ya pekee, na hadi leo inaniuma.

Sasa sikia. Mpeleke mkweo unakotaka, hata kwa Wataliano. Lakini usimpeleke mtu kula ili akuone wewe. Mtazame yeye: amegusa chakula, amenyamaza, ametulia? Mtu mdogo kazini akikunong'oneza jambo, msikilize, hata kama wewe ndiye unayelipa. Na glasi ikija, onja kwanza. Bei usiulize, lipa, ukalie nyumbani.

Mungu akupe nyumba yenye kicheko, mkwe mwepesi kusahau, na watoto wasiokuandikia kuomba laki tatu.

Nami nina shida yangu. Tangu siku ile mama yako hanywi soda niliyomletea mpaka nipige mafunda mawili mbele yake. Kila soda, miaka yote hii, tena anahesabu. Sasa daktari amenikataza sukari. Nimemweleza. Amejibu, "Basi usilete." Nikiacha kuleta, ananuna. Wewe uliyesoma, nishauri: nifanyeje?