Mayai Yaliyogeuzwa Kuelekea Mlima

Niliwahi kuua vifaranga karibu thelathini kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa watiifu mno. Amri ilikuwa yangu, na mimi si mtu wa kuwasukumia watoto wa wenyewe lawama.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shule ya harambee ya wasichana, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, pembeni mwa mji wa Nyeri. Nilikuwa mwalimu wa biolojia, mwenye cheti kipya na ulimi usiojua kunyamaza. Maabara hatukuwa nayo. Inspekta wa shule alikuja, akatazama meza zetu mbili na fuvu la mbuzi, akamwambia mwalimu mkuu kwamba wasichana hawa wafundishwe upishi na ushonaji, biolojia tuwaachie wenye vifaa. Nilimwomba atupe muhula mmoja. Akikuta jaribio la kweli linaendelea, ataruhusu kidato cha tatu waandikishwe kufanya mtihani wa biolojia. Akikuta maneno matupu, basi. Alikubali kama mtu anayepokea chai asiyokusudia kuimaliza.

Darasani alikuwamo msichana kutoka Kutus aliyetaka kuwa muuguzi. Alikuwa ameambiwa wazi kwamba bila biolojia asijisumbue hata kuandika barua ya kuomba nafasi. Kila Jumatatu alinisubiri mlangoni kuniuliza kama tutaipata ile ruhusa, nami kila Jumatatu nilimjibu kwamba tutaipata. Nilikuwa sijui lolote, lakini nilishajibu.

Jaribio lilikuwa kuangua mayai bila kuku. Seremala wa shule alitupigia sanduku la mbao, tukaweka taa ya mafuta chini, sufuria ya maji ya kutoa unyevu, na kipimajoto nilichokiazima zahanati. Kila msichana alileta yai kutoka kwao. Mengine yalitoka karibu, mengine yalisafiri kutoka Sagana yakiwa yamefungwa ndani ya sweta. Niliwaeleza kwamba yai lisipogeuzwa, kiumbe kilichomo hugandamana na ganda na kufa, kwa hiyo tutayageuza mara tatu kwa siku, kengele ikilia.

Siku ya kwanza wasichana waliyaviringisha kila mtu upande wake, yakagongana, mawili yakapasuka. Nilikasirika. Niliwaambia kuanzia siku hiyo kila yai litaviringishwa nusu mzunguko kuelekea Mlimani, na atakayeenda kinyume atanitambua.

Nilisema Mlimani kwa sababu Nyeri ndivyo tunavyoelekezana. Duka liko upande wa Mlima, choo kiko upande wa Nyandarua, ile safu ya milima iliyo mkabala, na hata mawingu yakiufunika Mlima kutwa nzima, hakuna anayeuliza uko wapi. Sikuwa na maana nyingine. Wasichana, hata hivyo, walikuwa na nyanya zao, na nyanya zao walikuwa wamewafundisha kwamba mtu akiomba huuelekea Mlima, anakokaa Mungu. Wiki haikuisha kabla sijawasikia wakinong'ona jina lake wanapogeuza. Mwalimu mkuu, mama wa kanisa asiyekubali mchezo, alipita dirishani na kujifanya hasikii. Mimi nilifurahi. Sijapata kuona darasa likifanya kazi kwa uangalifu kama ule.

Siku ya tatu tulivunja yai moja ndani ya sahani ya maji ya vuguvugu. Juu ya kiini palikuwa na doa jekundu, dogo kama mbegu ya nyanya, na doa lile lilikuwa likipiga. Halikuwa na macho wala miguu, lakini moyo ulikwisha kuanza kazi. Msichana wa Kutus aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa maji, na hakuinuka hadi moyo ule uliposimama.

Siku ya saba tuliyamulika kwa tochi katika stoo yenye giza, tukaona mishipa imetambaa vizuri. Siku ya kumi na nne tuliyamulika tena. Mishipa ilikuwa imekatika, na ndani mlikuwa na kivuli kisichojongea. Tulimulika la pili, la kumi, la mwisho. Yote yalikuwa yamekufa.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la shule, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Joto lilikuwa sawa. Maji yalikuwa sawa. Daftari la kugeuza halikuwa na pengo hata moja. Inspekta angerudi baada ya siku kumi na tisa.

Kesho yake, Jumamosi, nilishuka mtaa wa Majengo kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akifuga kuku na bata, na mjini ilijulikana kwamba kuku wake hawaharibu mayai. Nilimweleza kila kitu. Alinipa kigoda, akanikalisha mbele ya kuku aliyekuwa ameatamia, akaenda zake kupika.

Nilikaa pale asubuhi nzima. Kuku alikuwa akiingiza mdomo chini ya tumbo, analivuta yai moja kuja kwake, analisukuma jingine huko, halafu anazunguka mwenyewe na kuanza upya kutoka upande mwingine. Sikuona utaratibu wowote. Mama aliporudi na kikombe cha chai nilimuuliza huyu kuku anageuza kuelekea wapi. Akanitazama kama anayenihurumia.

"Kuku hana kibla, mwalimu," alisema.

Chai nikaiacha. Nilinunua mayai yake mapya yote, nikapanda kile kilima kwa miguu nimekumbatia kikapu ili yasitikisike. Jioni ile nilivunja yai moja bichi mbele ya darasa, nikawaonyesha zile kamba mbili nyeupe zinazokishika kiini huku na huku. Niliwaambia wafikirie kamba ya ng'ombe inayosokotwa upande mmoja, mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili. Sikuwa na uhakika, na nilisema hivyo. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mayai yakigeuzwa upande mmoja tu, kamba hizo hukatika na mishipa ya damu pia. Nilisoma pia kwamba seli changa kabisa, zile ambazo bado hazijaamua kuwa mfupa au ngozi, husikia jinsi zinavyosukumwa na kuvutwa, na husaidiwa na hilo kuamua. Na kwamba damu inayopita ndani ya moyo mchanga huuchonga moyo wenyewe. Wakati ule nilichokuwa nacho ni kuku wa Majengo.

Sasa ilibidi yai likigeuzwa kuelekea Mlimani, kengele inayofuata lirudishwe upande wa Nyandarua. Wasichana walikataa. Hawakupiga kelele, walikunja mikono tu na kutazama chini. Hawakutaka kuligeuzia kisogo lile jina la nyanya zao. Msichana wa Kutus ndiye aliyesogea sandukuni, akageuza yote peke yake, na toka siku ile zamu zote za upande wa Nyandarua zikawa zake.

Inspekta alifika siku ya kumi na nane ya mayai mapya. Mwalimu mkuu alikuwa ametuonya asubuhi kwamba habari za mayai ya kwanza zisitajwe, na mimi, nasema kwa aibu, niliitikia. Mgeni alisoma kipimajoto, akafungua daftari la kugeuza, akauliza kwa nini tunageuza mbele halafu nyuma. Aliuliza darasa, hakuniuliza mimi.

Msichana wa Kutus alisimama.

"Ni juu tuliua zile za kwanza, sir," alisema. "Tulikuwa tunageuza upande moja tu. Ziko na kamba ndani, ikajisokota ikakatika. Hizi tumegeuza kwenda na kurudi, na bado ziko hai. Kuja nikuonyeshe."

Mwalimu mkuu alifumba macho. Inspekta alimfuata hadi stoo, nami nyuma yao. Msichana akaweka tochi chini ya yai. Kivuli kikubwa kilikuwa kimejaa ganda, na kikarusha mguu. Inspekta akaomba kuliona tena, halafu la pili, halafu la tatu. Hatimaye alirudi darasani, akaomba kalamu, na kuandika ruhusa papo hapo. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kuchukua ule ukurasa wa mayai yaliyokufa, awaonyeshe shule zenye maabara. Nilimnakilia, wa asili sikumpa.

Siku ya ishirini na moja ganda la kwanza lilitoboka wakati wa kipindi cha hesabu, na hakuna aliyefanya hesabu. Kifaranga alijikokota nje, amelowa, akaanguka, akainuka. Wasichana wote walisogea karibu, nami nilijua walichokuwa wakingoja kuona: angeelekea upande gani. Alisimama kwa miguu yake miwili ameupa Mlima mgongo, na msichana wa Kutus akacheka mpaka akakaa sakafuni.